Tandaza Shambani, Fagia Ukutani

Uwe uani unachambua mboga, uwe ndani ya daladala unasikiliza redio ya dereva, au umejipumzisha kivulini baada ya kazi za asubuhi, nakuomba tukae pamoja kwa dakika chache. Leo nina jambo ambalo unalikanyaga kila siku na pengine hujalifikiria sana. Ni matandazo: yale majani, nyasi, mabua, pumba na maranda tunayoyalaza juu ya udongo wa bustani ili usikauke. Na sitazungumzia faida zake peke yake. Nataka tuzungumze matandazo na moto.

Naanza na faida, kwa sababu sitaki mtu azime redio akidhani nimekuja kumkataza kutandaza. Hapana, tandaza. Udongo ulioachwa wazi hupigwa jua mpaka ukapasuka, na mvua ya kwanza ikinyesha, ule wa juu wenye rutuba unakwenda zake mtoni. Udongo uliofunikwa hutunza unyevu, magugu huota kwa tabu, na maji unayomwagilia jioni bado yapo kesho yake mchana. Nenda kwenye vihamba vya Kilimanjaro, kule Marangu, Machame au Rombo, utakuta majani makavu ya migomba yamelazwa chini na kahawa imestawi juu yake. Burundi na Rwanda wakulima wamekuwa wakitandaza nyasi kwenye kahawa tangu zama za Wabelgiji, ambao waliifanya iwe lazima. Ni elimu ya zamani, na ni nzuri.

Lakini swali langu la leo ni hili: hicho ulichotandaza, kikiangukiwa na cheche, kitafanya nini? Na swali la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko la kwanza: umekitandaza wapi? Yashike maswali hayo mawili. Kinafanya nini, na kiko wapi.

Tuanze na la kwanza. Unapowasha moto kwenye mafiga, huanzi na gogo. Unaanza na vibanzi, nyasi kavu, au ganda la hindi. Kwa nini? Kwa sababu kitu chembamba na kikavu, chenye nafasi ya hewa katikati, hushika moto upesi. Kitu kinene, au kilichoshikamana na kulowa, hushika kwa shida. Bustani nayo ni hivyo hivyo. Matandazo membamba, makavu na yaliyokaa kwa kuachana yatawaka upesi. Matandazo yaliyooza, yakalala na kushikana na udongo, hayana pupa hiyo.

Wako watu waliolipima jambo hili kwa macho yao. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Nevada, huko Marekani, kupitia watu wake wa ugani, kilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika mji wa Carson City. Walichukua namna 8 za matandazo, wakayaacha nje yakakaushwa na kiangazi cha kwao, halafu wakayawasha na kuangalia. Nevada ni nchi ya ukame, upepo na moto wa msituni, kwa hiyo kwao lilikuwa jambo la kufa na kupona. Waliona nini? Kwanza, hakuna hata moja lililokataa moto. Yote ama yaliwaka ama yalifukuta. Pili, matatu yalitisha kuliko mengine: vipande vya mpira wa matairi, majani makavu ya misonobari, na mti wa mwerezi uliochambuliwa ukawa nyuzinyuzi. Mpira ulitoa joto kali kupita yote. Yaliyokuwa na nafuu zaidi ni vipande vya mbao vilivyokwisha kuozeshwa kama mboji. Hivyo havikupandisha ndimi za moto sana, vilifukuta taratibu.

Sasa msikilizaji, usije ukasema, “Basi kufukuta si kitu.” Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Moto una namna mbili za kukuingilia. Kuna ule wa nyasi na mabua, unaopiga kelele. Unauona, unausikia, majirani wanakimbia na ndoo. Unapita haraka, na ukikosa cha kula unakufa. Halafu kuna moto wa kufukuta. Huu hauna ndimi, moshi wake ni mdogo, na wakati mwingine hauoni kitu kabisa ila harufu. Watu wa pwani wanaujua vizuri kwa makumbi ya nazi: unadhani yamezimika, kumbe ndani yanakula. Watu wa Mbarali, wa Kahama, wa Mwea kule Kenya, wote wanaoishi karibu na mashine za kukoboa mpunga, wanaujua kwa pumba. Lundo la pumba linaweza kufukuta siku nyingi. Juu kuna majivu ya kijivu, yametulia, na mtoto anapita akikimbiza mpira. Mguu ukizama humo, ni kidonda cha miezi. Wazazi mnaonisikiliza kutoka kwenye maeneo ya mpunga, tafadhali, msiwaache watoto wacheze juu ya malundo yale, hata kama hayatoi moshi.

Pumba hizo hizo ndizo tunazotandaza kwenye mboga. Unga wa mbao kutoka kwa mafundi seremala nao ni hivyo hivyo: mwembamba, mkavu, na moto ukiuingia unatembea chini kwa chini. Kipisi cha sigara kinaangushwa saa kumi alasiri, mwenyewe anaondoka, na saa nane usiku ndipo upepo unapopuliza na moto unapata ndimi. Je, nani atakumbuka kipisi cha saa kumi? Ndiyo maana mioto mingi ya aina hii huishia kwenye maneno “chanzo hakijulikani.” Chanzo kilikuwepo, ila kilifukuta kimyakimya mpaka watu walipolala.

Na kama ni sigara, kwetu sigara si mshitakiwa wa kwanza. Nitakuambia ninayemshuku zaidi: majivu ya jiko.

Fikiria mwenyewe. Chakula kimeiva, jiko la mkaa limepoa, au linaonekana limepoa. Mama au dada anachukua jiko, anakwenda nyuma ya nyumba, anakung’uta majivu kwenye shina la mgomba au la mchungwa, kwa sababu tumefundishwa, na ni kweli, kwamba majivu yanafaa udongo. Ndani ya majivu yale kuna kipande cha kaa kikubwa kama ncha ya kidole, bado chekundu tumboni. Zamani pale chini palikuwa na udongo mtupu, kaa likafa lenyewe. Leo pana maranda, au nyasi za wiki mbili zilizokauka kau. Majivu yanafunika kaa lisipoe, na matandazo yanalipa chakula. Mtu hajafanya uzembe wowote anaouona. Amefanya alivyofundishwa na mama yake.

Dawa yake ni nyepesi mno. Weka ndoo ya bati au debe kuukuu mbali na ukuta. Majivu yote yaingie humo, yamwagiwe maji, yakorogwe, yalale usiku kucha. Kesho yake peleka bustanini. Narudia, kwa sababu hili ukilishika peke yake nitakuwa nimefanya kazi yangu leo: majivu ya jiko yalale usiku mmoja ndani ya bati, yakiwa yamelowa, kabla hayajagusa matandazo. Na wale mnaomwaga majivu ya moto kufukuza siafu, siafu wanapita; moto ukianza kwenye nyasi chini ya dirisha haupiti.

Nimesema kuna maswali mawili. Kinafanya nini, hilo tumeligusa. Sasa la pili: kiko wapi?

Hapa naomba unisikilize kwa makini, hasa nyinyi mnaojenga mijini, Dar es Salaam, Arusha, Dodoma, Mombasa, Nairobi. Siku hizi nyumba mpya ikiisha, mwenye nyumba anataka bustani, na anaitaka igusane na ukuta. Maua yanapandwa chini ya dirisha, matandazo ya maranda au magome yanawekwa mazito, yanapendeza. Sasa tazama juu ya matandazo hayo kuna nini. Kuna mtungi wa gesi umesimama nje ya dirisha la jiko na mpira wake umepita ukutani. Kuna kisanduku cha mita ya umeme na nyaya zake. Kuna kompresa ya kiyoyozi. Kuna pazia limepepea nje ya nondo. Na juu zaidi kuna mbao za ukingo wa paa. Ukuta wa tofali hauungui, ni kweli. Lakini moto wa matandazo hauhitaji kuunguza tofali, unahitaji kupanda mpaka dirishani tu. Na kwa ndugu zangu wenye nyumba za mbao, au za makuti, hata dirisha hauhitaji.

Wamarekani wamelitungia jambo hili sheria. Jimbo la Massachusetts, mwaka 2012, lilipiga marufuku kuweka matandazo mapya yanayoungua chini ya sentimita 45 kutoka kwenye majengo ya makazi ya familia nyingi yenye kuta za kuungua. California nayo, mwaka 2020, ilipitisha sheria ya kutaka futi 5, yaani mita 1 na nusu, kuzunguka nyumba zilizo kwenye maeneo hatari zaidi kwa moto, pasiwe na vitu vinavyoshika moto kirahisi. Kisha ukaja moto wa Januari 2025 kule Pacific Palisades na Altadena, uliomeza maelfu ya nyumba, na mwezi uliofuata gavana akaagiza kanuni za sheria hiyo ziharakishwe. Kwa nini mita 1 na nusu, wakati moto wenyewe unatoka kilomita nyingi? Kwa sababu ya cheche. Nyumba nyingi katika mioto ya namna hiyo haziunguzwi na ukuta wa moto unaokuja kwa miguu. Zinaunguzwa na cheche zilizobebwa na upepo, zikatangulia, zikatua kwenye majani makavu yaliyojikusanya mguuni pa nyumba.

Msikilizaji, mita 1 na nusu ya ardhi tupu kuzunguka nyumba. Je, hujawahi kuiona? Umeiona. Uliiona kwa bibi yako. Alfajiri, ufagio wa chelewa, uwanja unafagiwa mpaka unabaki na mistari ya ufagio. Mguuni pa ukuta hapaachwi hata jani. Ukimwuliza bibi atakwambia ni nyoka, ni usafi, ni heshima ya mgeni. Vyote kweli. Lakini uwanja ule pia ulikuwa unaitenga nyumba ya makuti na moto wa shamba, na katika nchi ambayo watu huchoma mashamba kila kiangazi kabla ya mvua, hilo si jambo dogo. Mimi nasikitika sana ninapoona tunauona uwanja uliofagiwa kuwa ni ushamba, tunaufunika na maranda kwa sababu tumeona kwenye picha za majumba ya nje, wakati wenye majumba hayo sasa wanaamriwa na sheria kuurudisha.

Kwa hiyo ninachokushauri ni hiki: hatua moja kubwa na nusu kutoka ukutani, acha udongo mtupu uliofagiwa. Kama hupendi vumbi na tope, mwaga kokoto au changarawe. Haviungui, na mvua ikinyesha havirushi tope ukutani. Kuna faida nyingine pia, ya mchwa. Nyasi na mbao zilizolazwa mguuni pa nyumba zinawaita mchwa, na wakimaliza matandazo wanahamia kwenye fremu za milango. Maua unayoyapenda yahamishe mbele kidogo. Yatapendeza hata yakiwa hatua mbili kutoka dirishani.

Ukishatoka kwenye ukanda huo wa nyumba, sasa uhuru wako ni mkubwa. Karibu na nyumba bado chagua mboji iliyoiva, au matandazo mabichi, maana yake mimea hai inayotambaa: viazi vitamu, kunde, maboga. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inafunika udongo, inaliwa, na jani bichi lenye maji haliwaki kwa kipisi cha sigara. Wakulima wa mahindi wa magharibi ya Kenya wanaotumia mmea wa desmodiamu katikati ya mistari, kwa mbinu iliyoenezwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, wanaupanda kupambana na mdudu bungua na gugu la kiduha, lakini papo hapo wamepata zulia la kijani linalofunika udongo.

Mbali zaidi, shambani, tandaza nyasi zako, mabua yako, majani yako ya migomba, bila hofu. Unene wa sentimita 5 hadi 10 unatosha. Acha shubiri moja wazi kuzunguka shina, ili shina lisioze, na moto usilifikie matandazo yakiwaka. Matairi yaliyokatwa kuwa vyungu vya maua, yapo mengi siku hizi, yasikae ukutani. Ukumbuke ule mpira wa Carson City. Karatasi za plastiki za kutandaza kwenye tikiti maji na nyasi za plastiki nazo zinayeyuka na kuwaka, zisiwe jirani wa jiko.

Sasa neno kwa ndugu zangu wa nyanda za juu kusini, Njombe na Mufindi. Nyinyi mna hali ya peke yenu. Parachichi zimepandwa kwa wingi, na ni sahihi kabisa kuzitandazia, kwa sababu mizizi yake iko juu juu na inapenda ubaridi. Lakini jirani wa parachichi ni shamba la paina. Majani makavu ya paina ni mepesi kuokota, yapo bure, na wengine wanayaleta kwenye parachichi. Ni yale yale majani ya jamii ya misonobari yaliyotisha Nevada. Na kiangazi chenu, kuanzia Agosti mpaka Oktoba, ndicho msimu wa moto. Mparachichi mchanga una gome jembamba. Moto wa kimo cha goti tu unaweza kuua mti uliouhangaikia miaka mitatu. Kama huna kingine ila paina, yachanganye na samadi na udongo, yaoze kwanza. Na usitandaze shamba zima mfululizo. Acha mikanda mitupu, lima barabara ya moto kwenye mpaka, kama wanavyofanya kwenye misitu ya Sao Hill.

Wakulima wa kahawa wana desturi nzuri hapa: kutandaza mstari mmoja na kuruka unaofuata. Wengi wanadhani ni kubana gharama ya nyasi, na kweli inabana. Lakini moto ukiingia mstari mmoja, unakuta mstari mtupu mbele yake. Mwaka unaofuata unabadilisha, ule uliokuwa mtupu unatandazwa. Hata kwenye bustani ya matuta manne unaweza kufanya hivyo.

Na kama unasubiri kutandaza, lori limemwaga maranda au unga wa mbao, usiache lundo limeegemea nyumba au banda la ng’ombe kwa wiki kadhaa. Lundo kubwa lenye unyevu hujipasha joto lenyewe kwa ndani, kwa kazi ya vijidudu vinavyoliozesha, na likiwa kubwa sana linaweza kufikia kuwaka bila ya mtu kuleta kiberiti. Lisambaze mapema, au liweke peke yake uwanjani.

Tumekaribia mwisho wa muda wetu, na sijasema la kufanya moto ukishaanza. Moto wa matandazo ukiuona mdogo, usimwage ndoo moja juu ukaondoka. Maji yatateleza juu ya pumba na unga wa mbao, chini kubaki kukavu. Chukua jembe au reki, fukua, tandua, mwagia, geuza, mwagia tena mpaka ufike kwenye udongo. Ng’oa matandazo ya pembeni pia, hatua moja kila upande, hata kama yanaonekana mazima. Halafu rudi baada ya saa moja, na rudi tena kabla ya kulala. Sogeza kiganja karibu bila kugusa. Ukihisi joto, fukua upya. Moto ukiwa umekwisha panda ukutani au umekaribia mtungi wa gesi, acha jembe, toa watu nje, wapeleke mbali, piga simu. Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa namba 114, bure. Kenya piga 999. Waambie mapema kwamba kuna mtungi wa gesi, na uko upande gani wa nyumba.